Kufunga swichi ya giga 25 na 100 isiyochelewesha, kutoka kwenye boksi hadi kipimo cha kwanza

Fundi aliyezoea swichi za ofisi za giga 1 akikabidhiwa raki yake ya kwanza ya giga 25, maswali huwa yaleyale. Mbona taa ya poti haiwaki na kebo ni mpya? Mbona ping inasoma 0.1 ms wakati karatasi ya vipimo vya swichi imeandika nanosekunde 800? Niizime FEC (usahihishaji wa biti zilizoharibika njiani) au niiache? Nimeyajibu mara nyingi kwa ujumbe mfupi mfupi, sasa nayaweka pamoja kwa mpangilio wa kazi yenyewe.

Mfano ninaoutumia ni Arista 7050SX3-48YC8: poti 48 za SFP28 za giga 25 kwa ajili ya seva, na poti 8 za QSFP28 za giga 100 kwa ajili ya kupanda kwenye swichi kuu zinazounganisha raki. Amri ni za EOS, mfumo endeshi wa swichi za Arista. Kama yako ni ya kampuni nyingine, maneno ya amri yatabadilika lakini utaratibu ni huuhuu.

Kabla hujafungua boksi, jiulize kama unaihitaji kweli. Mwanga ndani ya fiba hutumia karibu nanosekunde 5 kwa kila mita, yaani mikrosekunde 5 kwa kilomita. Mombasa hadi Nairobi kwa njia ya barabara ni kama kilomita 480, hivyo pakiti inahitaji takriban milisekunde 2.4 kwenda tu, bila kurudi. Hiyo ni mara 3,000 ya muda inaoutumia ndani ya swichi hii. Mteja akiwa Mombasa na seva Nairobi, nanosekunde zako hazitaonekana popote. Swichi ya aina hii inalipa pale seva zinapozungumza zenyewe kwa zenyewe ndani ya chumba kimoja: hifadhi za NVMe (diski za kasi) zinazofikiwa kwa mtandao, Ceph (hifadhi iliyosambazwa kwenye seva nyingi), hifadhidata zinazosubiriana kabla ya kuthibitisha muamala, makundi ya GPU. Na bila shaka masoko ya fedha ya Chicago au London, ambako watu walikuwa wakigombania nanosekunde tangu mwaka 2012, Cisco ilipotoa Nexus 3548, swichi yenye hali ya kupitisha pakiti kwa nanosekunde 190. Wengi wetu hatuko huko, na 800 inatutosha kabisa.

Unachohitaji

- Swichi, reli zake, na bisibisi. Pima kina cha raki kwanza. Reli fupi ni kisa cha kawaida.
- Nyaya mbili za umeme za C13 kwenda C14. Zile zinazokuja ndani ya boksi mara nyingi zina plagi ya ukutani, nayo haiingii kwenye PDU (kigawa umeme) ya raki.
- Kebo ya konsoli ya RJ45 na laptopu yenye programu ya terminali.
- Kebo za DAC (za shaba) za giga 25 kwa seva zilizo ndani ya raki, na moduli za SR4 (za fiba) pamoja na fiba za MPO (kichwa kimoja chenye nyuzi nyingi) kwa zinazotoka nje ya raki.
- Kalamu ya kusafishia fiba, moja ya LC (kichwa cha uzi mmoja) na moja ya MPO. Usiiondoe kwenye orodha ili kubana bajeti.
- Seva mbili za Linux zenye kadi za mtandao zinazofanana, za kupimia.
- Karatasi au faili la kuandika kila poti inaenda wapi.

Hatua ya 1. Panga kebo mezani

Ndani ya raki tumia DAC, yaani kebo ya shaba yenye vichwa vilivyofungwa kiwandani. Ni nafuu, haipati joto, na ikiwa fupi inakupa nafasi ya kuokoa muda ambayo tutaiona kwenye hatua ya 5. Nunua za mita 1, 2 na 3 kulingana na umbali halisi. Ile tabia ya kuagiza mita 5 zote "ili zitoshe" itakugharimu baadaye.

Zaidi ya hapo nenda kwenye fiba. 100GBASE-SR4 hufika mita 70 kwa fiba ya daraja la OM3 na mita 100 kwa OM4. Fiba yake ni ya MPO yenye nyuzi 12, nane ndizo zinazotumika. Mambo mawili hukosewa hapa. Kwanza, moduli ina pini, hivyo kichwa cha kebo lazima kiwe kile kisicho na pini. Pili, kwa kuunganisha moduli na moduli moja kwa moja, kebo iwe ya mpangilio wa aina B. Aina A itaingia vizuri, itabana vizuri, na haitawasha chochote.

Usikubali kuuziwa moduli za 10GBASE-T ili utumie nyaya za Cat6 zilizopo. Teknolojia hiyo peke yake huongeza mikrosekunde 2 hadi 3 kwa kila kiungo. Yaani swichi mbili au tatu nzima za aina hii zimepotelea kwenye kichwa cha waya.

Hatua ya 2. Hewa na umeme

Swichi za vituo vya data huuzwa kwa aina mbili za mkondo wa hewa: inayovuta upande wa poti na kutoa upande wa feni, na kinyume chake. Poti za swichi kwa kawaida hufungwa upande wa nyuma wa raki, karibu na kadi za seva. Upande huo ndio wa hewa moto. Kwa hiyo unataka swichi inayovuta upande wa feni na kupulizia nje upande wa poti. Angalia mishale au lebo kwenye feni na kwenye pawasapulai. Zote ziwe za aina moja. Ukikosea, swichi itanyonya hewa ambayo seva 30 zimeshaipasha moto, na mchana wa Januari Dar es Salaam hautakuonea huruma.

Pawasapulai ya kwanza iende PDU ya njia A, ya pili njia B. Chomoa moja swichi ikiwa inawaka uone kama inabaki hai, kisha rudisha na ujaribu nyingine. Jaribio hili lifanye leo raki ikiwa tupu.

Hatua ya 3. Ingia kwa konsoli

Kasi ya konsoli ya Arista ni 9600, biti 8, bila pariti, biti 1 ya kusimamisha. Kampuni nyingine hutumia 115200; ukiona herufi za ajabu kwenye skrini, badilisha hiyo kwanza.

Swichi mpya isiyo na usanidi huamka ikitafuta seva ya DHCP ya kuipa maelekezo, na huendelea kujaza skrini ujumbe. Ingia kama `admin`, bila nenosiri, kisha:

`zerotouch disable`

Itajiwasha upya. Ikirudi, mpe `admin` nenosiri, weka anwani ya IP kwenye Management1 na njia ya kutokea:

`enable`
`configure`
`username admin secret NenosiriLako`
`interface Management1`
`ip address 10.10.0.11/24`
`ip route 0.0.0.0/0 10.10.0.1`
`end`
`write`

Hiyo `write` ya mwisho ndiyo inayosahaulika. Usanidi usiohifadhiwa hupotea umeme ukikatika.

Hatua ya 4. Kasi za poti

Poti za SFP28 ndani ya swichi nyingi za aina hii zimefungwa kwa makundi, kwa kawaida nne nne, na kundi zima lazima liwe giga 10 au giga 25. Ukichomeka seva ya zamani ya giga 10 katikati ya seva tatu za giga 25, kuna poti zitakazolala. Zikusanye seva za giga 10 mwisho mmoja wa swichi, kisha badilisha makundi yale tu:

`hardware speed-group 12 serdes 10g`

Poti ya giga 100 unaweza kuigawa kuwa nne za giga 25 kwa kuingia `interface Ethernet49/1` na kuandika `speed 25g`. Kwenye EOS za zamani ni `speed forced 25gfull`. Utaona Ethernet49/1 hadi 49/4. Kebo nayo iwe ile ya kichwa kimoja kinachogawanyika kuwa vinne.

Hatua ya 5. FEC

Hapa ndipo kazi nyingi hukwama, kwa hiyo twende polepole.

FEC ni biti za ziada zinazosafiri pamoja na data ili upande wa pili urekebishe zilizoharibika njiani bila kuomba zitumwe upya. Gharama yake ni muda, kwa kuwa mpokeaji lazima akusanye fungu zima ndipo aanze kusahihisha. Fungu la RS-FEC lina biti 5,280. Kwa mwendo wa giga 25 kulikusanya tu kunachukua takriban nanosekunde 205, na ukiongeza hesabu zenyewe unakaribia 250. Kwenye giga 100 fungu lilelile linafika mara nne kwa haraka, hivyo unalipa kama 100. Ile nyepesi, ambayo EOS inaiita fire-code, ina fungu la biti 2,112, sawa na nanosekunde 82 za kukusanya kwa giga 25.

Kwa hiyo:

DAC nzuri ya giga 25 isiyozidi mita 3 inaweza kwenda bila FEC kabisa. Angalia kebo imeandikwa CA-25G-N. Yenye herufi S inataka walau fire-code, na yenye L, ambayo ndiyo ya mita 5, inataka RS-FEC. Ndiyo maana nilisema usinunue ndefu bila sababu. Fiba ya 25GBASE-SR na ya 100GBASE-SR4 zote zinataka RS-FEC, na hilo halina mjadala. 100GBASE-LR4 yenyewe haiitumii. Vifaa vya giga 200 na 400, na vyote vinavyotumia PAM4 (mawimbi ya ngazi nne badala ya mbili), haviendi bila RS-FEC, hivyo huko usijisumbue kutafuta namna ya kuizima.

Kwenye swichi:

`interface Ethernet1`
`no error-correction encoding`

au `error-correction encoding reed-solomon`. Kumbuka kwamba `no` inazima, ila `default` inarudisha uamuzi wa kiwandani. Si kitu kimoja.

Kwenye seva:

`ethtool --show-fec eth0`
`ethtool --set-fec eth0 encoding off`

Pande zote mbili lazima zikubaliane. Upande mmoja ukiwa na RS na mwingine bila, kiungo hakiwaki, na hakuna ujumbe utakaokuambia kwa nini. Ninavyoona mimi, anza na RS-FEC kila mahali, hakikisha kila kitu kinawaka, ndipo uizime poti moja moja pale unapohitaji hizo nanosekunde 250. Ukishaizima, acha trafiki ipite usiku kucha na asubuhi usome `show interfaces counters errors`. Hesabu ya FCS (pakiti zilizofika zimeharibika) ikipanda hata kidogo, irudishe. Pakiti moja ikipotea TCP inaweza kusubiri milisekunde kadhaa kuituma tena, na hapo umepoteza akiba yote ya siku.

Hatua ya 6. Namna ya kupitisha fremu

Swichi inaweza kungoja fremu (pakiti pamoja na vichwa vyake vya Ethernet) nzima iingie ndipo iitoe, au inaweza kusoma kichwa chake, ikajua pa kuipeleka, na kuanza kuitoa kabla mkia haujaingia. Namna ya pili ndiyo tunayoitaka:

`show switch forwarding-mode`
`switch forwarding-mode cut-through`

Lakini kuna mtego ambao vipeperushi vya mauzo havitaji. Fremu ikiingia kwa giga 25 na kutoka kwa giga 100, namna hii haiwezekani, kwa sababu poti ya kutokea ingeishiwa na biti katikati ya fremu. Swichi hurudi yenyewe kwenye kungoja. Fremu ya baiti 1,500 kwa giga 25 inachukua nanosekunde 480 kuingia. Ya baiti 9,000 inachukua 2,880. Kwa hiyo seva mbili zinazotegemeana sana ziweke kwenye swichi moja na kwa kasi moja. Ukizitenganisha kwa raki mbili umelipa kungoja huko kabla hata hujahesabu swichi za katikati.

Hatua ya 7. MTU (ukubwa wa juu wa pakiti)

Kwenye Arista, poti za kawaida za swichi hupitisha fremu kubwa bila kuambiwa. Ni zile zilizogeuzwa kuwa za ruta na zile za VLAN zenye IP ndizo huanza na 1500. Ukizihitaji, andika `mtu 9214` humo. Kwenye seva weka 9000, kisha jaribu:

`ping -M do -s 8972 10.20.0.2`

8972 ni 9000 ukitoa baiti 28 za vichwa vya IP na ICMP. Ikikataa, kuna mahali njiani pamebaki 1500.

Hatua ya 8. Pima

Ping si kipimo cha swichi. Ile 0.1 ms karibu yote ni ya seva: kernel, interapti, na prosesa iliyokuwa imesinzia kuokoa umeme. Iamshe kwanza, pande zote mbili:

`tuned-adm profile network-latency`
`ethtool -C eth0 adaptive-rx off rx-usecs 0`

Sasa unganisha seva mbili kwa kebo moja kwa moja, bila swichi. Upande mmoja:

`sockperf server -i 10.20.0.2 -p 11111`

Upande mwingine:

`sockperf ping-pong -i 10.20.0.2 -p 11111 -t 30`

Andika wastani na asilimia ya 99 (muda ambao vipimo 99 kati ya 100 haviuzidi). Kisha zipitishe kwenye swichi, kebo za urefu na aina ileile, rudia. Tofauti ya wastani ndiyo swichi pamoja na kiungo kimoja cha ziada. Tuseme kebo tupu imekupa mikrosekunde 9.0, kupitia swichi ya nanosekunde 800 yenye RS-FEC tarajia kama 10. Ukipata 14, tatizo liko kwenye usanidi wako. sockperf huripoti safari ya upande mmoja tayari, kwa hiyo usiigawe kwa mbili tena.

Zingatia zaidi asilimia ya 99 kuliko wastani. Programu inayosubiri majibu ya seva 20 hungoja ile iliyochelewa kuliko zote.

Hatua ya 9. Chungulia foleni

Hapa ndipo muda mwingi unapopotelea, kuliko vyote vilivyotangulia. Seva 10 zikimjibu mwenzao mmoja kwa wakati mmoja, kila moja baiti 100,000, poti yake ya giga 25 inakuwa na megabaiti 1 ya kutoa. Hiyo ni mikrosekunde 320, mara 400 ya ucheleweshaji ulioandikwa kwenye karatasi. Ni sawa na kununua pikipiki ya mbio kisha kuingia nayo daraja la Kigamboni saa ya kutoka kazini. Hakuna chipu itakayokuokoa na foleni.

Washa kipimo chake:

`queue-monitor length`

Baadaye soma `show queue-monitor length`. Itakuonyesha poti ipi ilijaa na lini. Dawa ni kumpa mpokeaji kasi kubwa zaidi, kusambaza seva zinazopokea, au kurekebisha programu isiombe kila kitu kwa mpigo. Kuongeza bafa kunazuia pakiti kudondoka lakini kunarefusha foleni. Na kama hutumii RoCE (seva kusomana kumbukumbu moja kwa moja kupitia mtandao), zima fremu za kusimamishana kwa `ethtool -A eth0 rx off tx off`, la sivyo seva moja iliyozidiwa itawasimamisha na wasiohusika.

Mambo yakigoma

*Taa haiwaki kabisa.* Fuata mpangilio huu: FEC pande zote, kasi ya kundi la poti, makubaliano ya kasi ya kiotomatiki yawe yamewashwa pande zote au kuzimwa pande zote, kisha `show interfaces Ethernet1 transceiver` uone kama mwanga unaingia. Kwa MPO kumbuka pini na aina B. Baadhi ya swichi hukataa pia moduli zisizo na jina la kampuni yake. Hilo utalikuta kwenye kumbukumbu, `show logging`.

*Inawaka na kuzima.* Safisha fiba, vichwa vyote viwili pamoja na mdomo wa moduli. Kifuniko cha plastiki hakihifadhi usafi. Mara nyingi ndicho kinacholeta uchafu. Usichungulie ndani ya fiba kwa jicho.

*Makosa ya FCS yameenea poti nyingi.* Usianze kubadilisha kebo zote. Swichi inayotoa fremu kabla haijaimaliza kuipokea haiwezi kujua mwanzoni kwamba imeharibika, hivyo huipitisha hivyohivyo na kila poti ya mbele nayo inahesabu kosa. Fuata makosa kinyumenyume, swichi kwa swichi, hadi kiungo ambacho upande wake wa nyuma uko safi. Hapo ndipo penye kebo mbaya, na kwa kawaida ni moja.

*Kipimo cha usiku kizuri, cha mchana kibaya.* Ni foleni. Rudi hatua ya 9.

*Wastani mzuri, asilimia ya 99 mbaya, foleni tupu.* Tatizo liko kwenye seva. Angalia usingizi wa prosesa kwenye BIOS, na kama programu inaendeshwa kwenye soketi ya prosesa iliyo mbali na kadi ya mtandao. Hiyo ya pili utaijua kwa `cat /sys/class/net/eth0/device/numa_node`, kisha endesha kipimo upya kwa `numactl` ukitaja namba uliyoiona.

*Umeshindwa na unataka kumwita muuzaji.* Chukua `show tech-support` kabla hujazima na kuwasha swichi. Ukishaiwasha upya, hesabu zote zimerudi sifuri na atakachokuambia ni usubiri itokee tena.